Mafundi wa Chini ya Wodi

Siku za baridi, katikati ya Philadelphia, mvuke mweupe hufuka kutoka kwenye mifuniko ya chuma ya barabarani, na wenyeji hupita katikati yake bila kugeuza shingo. Chini ya lami kuna mabomba yanayopeleka mvuke kwenye majengo makubwa, hospitali zikiwamo, ili vyumba vipate joto. Mtu aliyetoka Dar es Salaam husimama akatazama. Halafu huanza kujiuliza ni nani anayekesha na mitambo hiyo.

Kwenye barabara ya Broad kuna jengo la hoteli ya zamani, Bellevue-Stratford. Julai 1976 wanajeshi wastaafu wa chama cha American Legion walifanyia mkutano wao hapo, na waliporudi makwao wakaanza kuugua homa kali ya mapafu. Watu 221 waliugua, 34 wakafa. Bakteria aliyewaua alitambuliwa Januari 1977, na leo dunia nzima inajua kwamba huzaliana katika maji ya mitambo ya kupoozea hewa na kwenye mabomba yasiyotunzwa. Tangu hapo fundi wa maji na hewa hawezi kuhesabiwa kuwa mtu wa pembeni katika habari za afya.

Barabara hiyohiyo, namba 100, ndipo kwa miaka mingi yalipokuwa madarasa ya mfuko wa mafunzo wa District 1199C, chama cha wafanyakazi wa hospitali. Chama mama kilianzia New York mwaka 1932 kati ya watu wa maduka ya dawa. Mwaka 1959 kikaongoza mgomo wa siku 46 wa wapishi, wafagiaji na wahudumu wa wodi, watu waliolipwa ujira mdogo mno. Huko Philadelphia, mwaka 1974, tawi lake lilikubaliana na waajiri jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko nyongeza ya mshahara: hospitali zitoe asilimia 1.5 ya jumla ya mishahara, fedha hizo ziwasomeshe wafanyakazi, na mfuko usimamiwe kwa pamoja na pande zote mbili.

Katika hospitali moja ya huko niliyotembezwa, fundi wa zamu, mtu mzima mwenye funguo nyingi kiunoni, alinisimamisha mbele ya chumba cha kutengea wagonjwa wa kifua kikuu. Ukutani kuna mrija mwembamba wa plastiki uliopenya kwa mshazari hadi ndani, na humo mna kijipira kidogo. Kijipira kikiwa kimevutwa upande wa chumbani, maana yake hewa inaingia na haitoki, kwa hiyo vijidudu haviwezi kufika koridoni. Kikirudi upande wetu, ni hatari. Alikiangalia kijipira, akaandika saa kwenye karatasi, tukaendelea. Hewa ya chumba kile hubadilishwa walau mara 12 kwa saa. Chumba cha upasuaji ni kinyume chake: hewa husukumwa kutoka ndani kwenda nje, ikibadilishwa mara 20. Umeme ukikatika, jenereta ya dharura inatakiwa kubeba vifaa vya kuokoa maisha ndani ya sekunde 10, na kila mwezi huwashwa kwa majaribio nusu saa nzima.

Fundi huyu aliingia hospitalini akisukuma matoroli ya dobi. Alianza kwa kurudia hesabu na kusoma kwenye madarasa ya mfuko ule, jioni, baada ya zamu. Akapata cheti kinacholingana na cha sekondari, akaingia uanagenzi, na ujira ukapanda kila alipovuka hatua. Sasa anajiandaa kwa mtihani wa Chama cha Hospitali cha Marekani wa kuwa msimamizi wa majengo na mitambo ya hospitali, ambako miaka ya kazi huweza kuhesabiwa mahali pa shahada. Nilimuuliza kama hesabu zilimsumbua. Akasema sehemu ndogo za desimali zilimtesa mpaka alipoziona kwenye geji ya boila.

Nyumbani Tanzania mtu wa namna hii tunaye karibu kila hospitali. Jenereta ikigoma usiku, ndiye anayegongewa mlango. Anajua koki ipi inafunga maji ya wodi ya wazazi na ipi ikiguswa inamwaga. Wauguzi humwita fundi kwa heshima, lakini kwenye karatasi bado ni kibarua au mhudumu, na akistaafu anaondoka na ramani yote ya mabomba kichwani.

Si kwamba hatuna pa kuanzia. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo tangu 1994, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti. Nimewaona waashi, maseremala na makanika wakinufaika nao. Fedha pia zipo, kwa kuwa waajiri wengi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi kulingana na mishahara wanayolipa, na sehemu yake huenda VETA. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT) hufundisha uhandisi wa vifaa tiba, ila mlango wake umelengwa kwa kijana mwenye matokeo mazuri ya sayansi. Yule wa miaka arobaini, mwenye zamu na watoto, hana mlango wake.

Tangu UVIKO-19, hospitali zetu nyingi za rufaa za mikoa zimepata mitambo ya kuzalisha oksijeni. Mitambo hiyo ina vichujio vya kubadilisha, kompresa za kusikiliza, vipimo vya kusoma kila siku. Ningependa wa kwanza kupelekwa darasani wawe hawa mafundi waliopo tayari, wasomeshwe wakiwa kazini na kulipwa, na kila hatua wanayomaliza ionekane kwenye hati ya mshahara. Philadelphia walipokubaliana kuwasomesha wafanyakazi wao, mlango ulifunguka hata kwa msukuma matoroli ya dobi.