Mshubiri wa Marehemu Mama



Hapa Didia, njiani kutoka Shinyanga kwenda Tinde, si ajabu kuuona mshubiri mlangoni mwa nyumba, umepandwa katika kopo au sufuria kuukuu. Sisi nasi tulikuwa na wetu, aliotuachia marehemu mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alipofariki tuliuingiza ndani, karibu na dirisha, tukaahidiana kwamba hautakufa mikononi mwetu.

Kiangazi kilipofika, majani yake yalianza kukunjamana na kulegea. Tukasema, una kiu. Maji hapa kwetu huchotwa kwa taabu, lakini kila asubuhi watoto waliumiminia kata nzima. Kadiri tulivyouongezea maji ndivyo ulivyozidi kunyauka. Nasi tukaongeza tena.

Siku moja jirani yetu, bibi mzee, alikuja kutujulia hali. Aliubonyeza shinani kwa kidole, akakinusa, akasema, "Wanangu, huu hauna kiu. Mmeuzamisha."

Tuliona haya. Tulipoung'oa tulikuta mizizi myeusi, imelainika, inanuka. Kosa lilikuwa letu: tuliupanda katika udongo mweusi wa mbuga, ushikao maji, ndani ya kopo lisilo na tundu. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa; kwa hiyo majani hunyauka kama ya mmea wenye kiu, na atazamaye majani peke yake hudanganyika. Yatupasa kugusa shina. Likiwa gumu na udongo umekauka, mmea wataka maji. Likiwa laini na lanuka, maji yamezidi.

Tulikata kwa kisu safi yote yaliyooza. Hakikusalia ila kichipukizi kimoja. Tulikiweka kivulini siku nne ili jeraha likauke, kisha tukakipanda katika udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, ndani ya kopo lililotobolewa, tukangoja juma zima kabla ya kukitia maji.

Katika kukisafisha tuliona maradhi ya pili. Makutanoni mwa majani palikuwa na vidudu vyeupe kama pamba, navyo ni vidung'ata. Hufyonza utomvu na kutoa maji matamu. Sisimizi huyafuata maji hayo na kuwalinda wezi hao. Basi ukiona sisimizi wakipanda chungu chako, chunguza. Tuliutenga mmea, tukavifuta kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, tukarudia kila juma kwa majuma matatu, kwani mayai hubaki. Vile vidudu vigumu vya kahawia, mfano wa magamba, havina budi kukwanguliwa. Ama jani likiota vinundu vilivyojikunja, huenda ni kazi ya utitiri usioonekana kwa macho. Hapo kuosha hakufai, bali kata sehemu hiyo uichome moto.

Msidhani vidung'ata ni jambo dogo. Ndugu zao wa muhogo waliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini katika miaka ya 1970, wakaangamiza mashamba katika nchi nyingi. Mwaka 1981 nyigu mdogo aliyepatikana Paraguay alianza kuachiliwa Nigeria ili awaue, kisha akaenezwa katika nchi nyingine za Afrika. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kwanza alitambuliwa adui, ndipo ikatafutwa dawa.

Sisi tulianza na dawa kabla ya kuyajua maradhi, tena dawa yenyewe ilikuwa maji, ambayo dini yetu yatukataza kuyafanyia israfu. Tulidhani mapenzi yatosha mahali pa maarifa.

Leo kichipukizi kina majani sita. Watoto hukigusa kwanza udongo wake, ndipo huchota kata. Na chipukizi lake la kwanza, Inshallah, tutampelekea yule bibi.