Kompaila Iliyojijenga Yenyewe

Desemba 2001 mpwa wangu alikuja likizo kutoka chuo kikuu Nairobi. Alishuka basi Voi, akapanda matatu ya Mwatate, kisha akapandisha mlima mpaka kwetu Wusi. Begini alikuwa na sidii mbili: moja ya msimbo wa kompaila ya GCC 3.0, uliotoka Juni mwaka huo, nyingine ya binutils, zana zinazofanya kazi nayo. Kwa simu za waya za wakati ule mzigo kama huo haukuvutika. Mkongo wa intaneti wa chini ya bahari, TEAMS, ulikuja kufika Mombasa 2009.

Nilikuwa nafundisha hesabu, na kompyuta ya shule iliendeshwa na Linux ya Red Hat 6.2. Kijana alikuwa ameandika programu ya C++ ya kujumlisha alama za wanafunzi na kupanga nafasi zao. Kompaila iliyokuja na mfumo, egcs, iliikataa papo hapo kwa sababu haikuwa na faili ya sstream.

"Mjomba, hii imezeeka," akasema. "Tujenge nyingine."

GCC yenyewe wakati ule ilikuwa imeandikwa kwa C, kwa hiyo haikuweza kuzaliwa bila kompaila iliyoitangulia. Alipoandika make bootstrap, egcs ilianza kuijenga GCC mpya. Ilipokamilika, hiyo mpya ikajijenga upya, na zao lake likajenga la tatu. Hapo la pili na la tatu yakalinganishwa faili kwa faili. Yangetofautiana, kazi yote ingesimama. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote na bado sijaona uhakiki uliotulia kama ule.

Lakini kabla ya kufika huko, umeme ulikatika tukiwa hatua ya pili. Uliporudi, mashine ilikaa muda mrefu ikikagua diski nzima, maana ext2 haikuwa ikiweka kumbukumbu ya maandishi yaliyokatizwa. Mimi nilitaka tuanze upya. Yeye akapanga mafaili kwa saa, akaona la mwisho lenye .o lina ukubwa wa sifuri, akalifuta na kuandika make tena. Make hutazama saa za mafaili, hivyo ikaruka yaliyokwisha na kuendelea na yaliyobaki.

Aliisakinisha chini ya /usr/local, ya zamani akaiacha mahali pake. Tulipouliza toleo, egcs ndiyo iliyojibu, mpaka alipoitanguliza /usr/local/bin katika PATH. Programu yake ikapita kwenye kompaila bila lalamiko, halafu ikagoma kuanza: libstdc++.so.3 haionekani. Kumbe maktaba ilikuwapo, ila mfumo haukujua pa kuitafuta. Akaongeza mstari mmoja, /usr/local/lib, ndani ya /etc/ld.so.conf, akaendesha ldconfig, na majina ya Kidato cha Pili yakaanza kushuka kwenye skrini, kila moja na jumla yake. Nilichukua kalamu nikajumlisha alama za wanafunzi kadhaa kwa mkono. Zililingana.

Nilimuuliza kwa nini asiifute egcs, maana diski ilikuwa ndogo. Akaniambia keneli yetu ya 2.2 iliandikwa kwa kuzitegemea tabia za kompaila za zamani, na anayeijenga kwa iliyotoka juzi anajitafutia balaa. Basi zikabaki zote mbili, egcs kwa keneli, GCC 3.0 kwa kazi zetu. Ripoti za muhula wa kwanza wa 2002 zilitoka kwa programu ile.