Huyu Nani?

Mteja alikuwa keshalipa nusu. Alitaka picha kumi na mbili za "watu wa Morogoro kazini": muuza ndizi, mpiga debe, fundi cherehani, mnoa visu na wengineo. Nikajifungia chumbani siku nne.

Msomaji, nikutobolee siri: nilichora sura moja tu, kisha nikawa naibadilishia nguo na vifaa. Nikajiona mjanja kweli.

Kumbe! Nikaazima kitabu cha picha za India nikakuta wamenitangulia. Karne ya 19 wachoraji wa Murshidabad, Patna na Tiruchirappalli waliwachorea Waingereza kinyozi, mbeba maji, mfumaji, dobi (hata neno lenyewe tumelitoa kwao), kila mtu na kazi yake na tabaka alilozaliwa nalo. Picha nyingine zilichorwa juu ya ulanga, yale madini yanayobanduka kama karatasi za kioo. Kulikuwa na seti zenye uso mmoja kwenye kadi. Juu yake unalaza kipande cha ulanga chenye mavazi bila kichwa: dobi huyo. Ukilaza kingine, askari. Uso ni ule ule. Mzungu akafunga mzigo, akapeleka kwao. Kazi iliandikwa, jina la mtu mara chache.

Jumatano Bibi akateremka kutoka Kinole na mikungu yake ya sokoni. Akasimama mbele ya picha.

"Huyu nani?"

"Muuza ndizi, Bibi."

"Ndizi nimeziona. Nakuuliza, mtoto wa nani? Ukoo gani?"

Nikanyamaza. Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, na yule wangu hakuwa na mama.

"Halafu shingo hii," akaendelea, "haijabeba mkungu hata siku moja."

Nikamsimulia habari za ulanga. Akacheka. Wajerumani waliuchimba Uluguru hii hii, na yeye utotoni alikuwa akiokota vipande njiani mvua ikishapita, akijitazamia uso.

Nikamkalisha kwenye kigoda. Nikamchora yeye, na shingo yake, na jina lake chini.

Ijumaa mteja akaja. Picha akaipenda mno. Ila jina, akasema, lifutwe, iandikwe "Muuza ndizi, Uluguru".

Nusu ya kwanza nilishalipia kodi ya chumba. Nusu ya pili ilikuwa mfukoni mwake.

Nikamwomba anipe hadi Jumatatu.