Leseni Mbili za Duara Moja

Miaka michache iliyopita nilipigiwa simu na katibu wa kikundi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, mama wa makamo mwenye sauti ya kujizuia. "Mwalimu," aliniambia, "daftari letu limegoma kufunguka, na watu wanadai." Nilipofika kesho yake kutoka Shinyanga, nilikuta daftari lenyewe ni kompyuta. Kwenye kioo chake palikuwa na sentensi moja ya Kiingereza: muda wa leseni umekwisha.

Kikundi kile kilikuwa na leseni mbili. Ya kwanza ni leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo kwa sheria yetu hudumu miaka 7 na huweza kuhuishwa. Hiyo ilikuwa imetundikwa ukutani ndani ya fremu. Ya pili ilikuwa ya programu ya kutunzia hesabu, ya mwaka mmoja tu, na hakuna aliyekumbuka kuwa ipo. Walikuwa na ruhusa ya kuchimba dhahabu, lakini hawakuwa na ruhusa ya kusoma nani anadai nini.

Asiyeyajua maduara anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Duara moja lina wadau wengi: mwenye leseni, mwenye duara, mfadhili aliyetoa chakula, mafuta na magogo, na wachimbaji wenyewe. Mawe hugawanywa kwa viroba kabla ya kupelekwa kwenye karasha, na kila mtu ana fungu lake lililokubaliwa. Daftari ndilo mshahara. Miongoni mwa waliokuwa wakisubiri siku ile alikuwapo mjane ambaye mumewe alifariki kabla ya mgawo. Siku za kazi za marehemu zilikuwa ndani ya mashine ile, na hazikuwa mahali pengine popote. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuonya kuhusu daftari lenye kufuli la mtu mwingine.

Fundi aliyeufunga mfumo ule alitaka alipwe ada ya mwaka ndipo afungue. Nilipoliona jina lake nilishtuka, kwani alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimpigia simu. Alinipa shikamoo kwa heshima zote, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, mimi nilifunga kile ulichonifundisha."

Alisema kweli. Nilipoanza kufundisha somo la kanzidata, vitabu vya maktaba vilikuwa vichache na vya zamani. Kampuni zinazouza programu zilikuwa zimeanza kutoa vitabu vya kielektroniki bila malipo. Microsoft, kwa mfano, ilitoa bure kitabu kizima cha kuitambulisha SQL Server 2012. Nami nilipakua kitabu cha aina hiyo, nikakiweka kwenye flashi na kuwagawia wanafunzi, nikijiona mfadhili. Kilikuwa kitabu kizuri, kimeandikwa na mabingwa. Lakini kilifundisha nyumba moja tu, na wanafunzi wangu walihitimu wakidhani kwamba kanzidata zote duniani zina mlango mmoja. Sikuwaambia kwamba mgema naye huonjesha tembo bure, wala sikujiuliza mwenyewe kwa nini tumeonjeshwa.

Vitabu vya bure vya upande wa pili vilikuwapo wakati wote. PostgreSQL ilianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, ikapata jina lake la sasa mwaka 1996. Mwongozo wake una zaidi ya kurasa 2,000, na yeyote anaweza kuupakua bila kuombwa hata jina. SQLite, iliyoandikwa na D. Richard Hipp na kutolewa mwaka 2000, haina mmiliki kabisa. Yumkini imo ndani ya simu unayosomea makala haya.

Neno huria hapa lina maana pana kuliko bure. Mwaka 2008 kampuni ya Sun iliinunua MySQL kwa takriban dola bilioni 1, na mwaka 2010 Sun yenyewe ikaingia mikononi mwa Oracle. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, mwasisi wake Michael Widenius na wenzake walikwishaondoka na nakala yao na kuanzisha MariaDB. Kinachothaminiwa katika programu huria ni haki hiyo ya kuondoka na chako.

Nawasikia watumishi wa umma wakisema kwamba programu huria ni za kuchezea wanafunzi. Ndugu zangu, takwimu za zahanati zetu, za Shinyanga na Geita zikiwamo, hupita katika DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuujenga. Chini ya mfumo huo ipo PostgreSQL. Mnaitumia tayari.

Hata hivyo sitaki kuhubiri uongo. Benki au mgodi mkubwa ukilipia leseni ili usiku wa manane uwepo mtu wa kupigiwa simu, umenunua kitu halisi. Programu huria nayo inadai fundi, umeme na nakala rudufu. Tena nakiri kwamba PostgreSQL nayo ingefungwa vilevile kule Geita, kama nywila ingekuwa kwa fundi peke yake. Kosa lilianzia kwenye mkataba ambao haukusema data ni ya nani.

Mwaka 2017 taifa zima lilibishania makontena 277 ya makinikia yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam, yaliyotoka Bulyanhulu na Buzwagi, huku kwetu Kahama. Ubishi ule ulihusu nani anajua kilichomo ndani. Tulijifunza kwamba kumiliki mwamba bila uwezo wa kuupima ni nusu ya umiliki. Halmashauri au kikundi kinachomiliki taarifa kisizoweza kuzifungua kimo katika hali hiyohiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, uliza maswali matatu. Nani ana nywila kuu? Ada ikisimama, tutaendelea kusoma kumbukumbu zetu? Na tukitaka kuhama, tutatoka nazo katika umbo ambalo programu nyingine inaweza kulisoma? Bei iwe swali la nne.

Wazee wa kikundi walikaa, wakamkadiria mjane yule fungu kwa ushahidi wa waliochimba na mumewe. Alipokea bila kulalamika, na hakuna hata mmoja kati yetu anayejua kama alipata haki yake. Fundi naye alinisaidia kuijenga upya kanzidata ile kwa PostgreSQL, bila ujira. Kila mwisho wa mwezi katibu huchapa orodha yote na kuifungia katika sanduku la bati. Ufunguo anao yeye, na wa pili anao mweka hazina.

Mimi muhula uliofuata niligawa flashi yenye vitabu vya pande zote mbili, na somo la kwanza lilikuwa jinsi ya kuhamisha data kutoka nyumba moja hadi nyingine.