Salfa ya Fresno ina taarifa, ya Newala ina mgao tu

Ubwiriunga unaotukaushia maua ya mikorosho kule Kusini una ndugu yake kwenye mizabibu ya California, na dawa yao ni moja: salfa. Mimi naishi kaunti ya Fresno, katikati ya mashamba ya zabibu. Joto likianza kupanda, matrekta huingia shambani usiku upepo ukiwa umetulia, na asubuhi majani yana vumbi la njano. Aliyekulia Newala hana haja ya kuuliza ni nini. Pua inamwambia.

Tofauti huanza mashine ikishazimwa. Mkulima wa huku hajamaliza kazi mpaka aandike: dawa gani, namba yake ya usajili, kiasi gani, zao gani, ekari ngapi, tarehe, saa, na kipande kipi cha ardhi. Taarifa hiyo lazima ifike kwa kamishna wa kilimo wa kaunti kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Utaratibu huu ulianza mwaka 1990, na California ndilo lililokuwa jimbo la kwanza Marekani kuwadai wakulima taarifa kamili namna hiyo. Salfa inaruhusiwa hata kwenye kilimo hai, lakini haisamehewi. Kwa uzito, ndiyo dawa inayotumika kuliko zote jimboni.

Kaunti hupeleka taarifa hizo kwa Idara ya Udhibiti wa Viuatilifu ya jimbo, nayo huziweka wazi. Ukitaka kujua nini kilipulizwa mwaka fulani katika maili moja ya mraba inayozunguka nyumba yako, utakipata bila kumbembeleza mtu.

Wamarekani wana fomu ya kila kitu, na nyingi ni za kumchosha mtu tu. Hii imezaa matunda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wakifuatilia watoto wa familia za vibarua wa mashambani katika bonde la Salinas. Walichukua taarifa za salfa iliyotumika kuzunguka nyumba za watoto hao, wakazilinganisha na vipimo vya mapafu. Mwaka 2017 wakachapisha matokeo: kadiri salfa ilivyotumika kwa wingi ndani ya kilomita moja ya nyumba, ndivyo mapafu ya mtoto yalivyoonekana dhaifu, na dalili za pumu zikawa nyingi. Utafiti wa namna hiyo hautoshi peke yake kuwa hukumu dhidi ya salfa. Ila bila zile fomu za wakulima, watafiti wasingekuwa na cha kulinganisha.

Nisije nikaonekana nasifia ugeni. Tangu Machi 2025 jimbo lina mfumo wa kumjulisha mkazi kabla dawa haijapulizwa jirani yake, saa 24 kabla kwa dawa nyingi zinazohusika. Lakini mfumo unahusu zile tu zinazohitaji kibali maalumu. Salfa haimo, kwa hiyo jirani wa shamba la zabibu huisoma kwenye takwimu ikiwa imeshampitia. Vilevile huoneshwi shamba lenyewe, unaoneshwa eneo la maili moja ya mraba. Afadhali shule: tangu 2018, siku za kazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, ni marufuku kupuliza vumbi kama la salfa ndani ya robo maili ya shule ya umma.

Nilimweleza mjomba wangu kule Newala habari hizi kwa simu.

"Mjomba, huko mkimaliza kupuliza nani anaandika?"

"Aandike nini, mwanangu, na kijiji kizima kimeona vumbi?"

Nilicheka, ila jibu lake halikuniondoka. Kijiji kinaliona vumbi la Juni, lakini mtoto akianza kukohoa Septemba, daktari hana pa kutazama. Na sheria Tanzania tunayo. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, yenye kazi ya kusajili dawa na kuwasimamia wanaoziuza. Dawa inajulikana mpaka mlangoni mwa duka. Ikishapanda mgongoni mwa kijana mwenye mashine, kitambaa kikiwa ndiyo barakoa yake, hakuna anayejua imekwenda wapi.

Kinachonipa moyo ni kwamba sisi wa korosho nusu ya kazi tumeshaifanya. Salfa ya ruzuku hupitia vyama vya msingi (AMCOS), na mkulima aliyesajiliwa hupewa mgao wake huku jina lake likiandikwa na mifuko ikihesabiwa. Tunaandika hivyo kwa kuogopa wizi, na ni sawa kabisa. Lakini daftari linalojua fulani kapewa mifuko mingapi linaweza pia kuonesha aliipuliza lini, na shamba lipi.

Kwa hiyo ninyi viongozi wa AMCOS mnaosoma hapa, msisubiri mfumo wa kompyuta kutoka Dodoma. Msimu ujao ongezeni safu mbili kwenye daftari la mgao, tarehe na shamba, mkulima azijaze anapokuja kuchukua mifuko ya awamu inayofuata. Na nakala moja ipelekwe zahanati ya kijiji.