Tunayoyapita Kila Siku Bila Kuyaona

Familia nyingi za Kiislamu hapa mjini huamini kuwa uzuri ni jambo la safari. Yanapotajwa mandhari ya kupendeza, fikra hukimbilia Istanbul, Dubai, au angalau Unguja. Aliyekosa nauli hujihesabu kuwa amekosa na uzuri wenyewe. Dhana hii ina madhara. Humfanya mzazi aone haya mbele ya wanawe kila likizo inapowadia, na huwafanya watoto wakue wakiidharau mitaa iliyowalea.

Ndugu msomaji, katika Suratul Ghaashiya mwanadamu anaelekezwa kumtazama ngamia, kisha mbingu, milima na ardhi. Waliosomewa aya hizo mwanzo walikuwa watu wa Makka, ambao ngamia kwao hakuwa kioja hata kidogo; walimpanda, walimkama na kumfunga mlangoni. Hawakuambiwa wasafiri kwenda kutafuta ajabu ya mbali. Waliambiwa wakitazame kile walichokuwa wakikipita kila siku.

Kwa kuzingatia hayo, mimi na mama watoto tulipatana kuwa Jumamosi moja ya kila mwezi tutatoka na watoto wetu wawili kwenda mahali panapofikika kwa daladala. Chombo chetu ni simu moja yenye kioo kilichopasuka pembeni. Sharti letu ni kwamba kila mmoja arudi na picha tatu tu. Mtoto aliyeruhusiwa picha mia hapigi hata moja kwa kufikiri. Aliyepewa tatu huzunguka, huchuchumaa, husubiri, na ndipo huona.

Tulianza na magofu ya Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Pale, katikati ya mibuyu, zimesalia kuta za msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, pamoja na makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo ndefu. Katika nguzo hizo wazee walipachika vyombo vya kaure kutoka China. Vingi vimeng'olewa, na mahali pake pamebaki mashimo ya duara. Tuliwasalimu waliolala pale, tukawaombea dua, kisha tukawakumbusha watoto kuwa makaburini si mahali pa michezo. Binti yetu, mwenye umri wa miaka tisa, hakuipiga picha nguzo. Alipiga shimo moja lililo tupu, kisha akauliza, "Baba, aliyeling'oa bakuli la marehemu alilila nini ndani yake?" Tulirudi nyumbani tukiwa na mazungumzo ya wiki nzima.

Siku ile pia tulijifunza habari ya mwanga. Jua la adhuhuri hupiga kutoka utosini na kufuta vivuli, hata ukuta wenye mikwaruzo ya miaka mamia ukaonekana kama karatasi. Baada ya Alasiri jua huinama, na kila kitundu cha tumbawe hupata kivuli chake. Sisi Waislamu hatupaswi kuona ugeni katika jambo hili, kwani nyakati za sala zetu zimepimwa kwa jua na kivuli tangu zamani. Hata asili ya kamera haiko mbali nasi. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo yapata mwaka 1040, alibainisha kuwa tunaona kwa sababu mwanga hutoka katika vitu ukaingia jichoni, na akaichunguza nuru inayopenya tundu dogo kuingia chumba chenye giza. Simu iliyo mkononi mwako inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Mazoezi haya ya kutazama yalikuja kupimwa mahali nisipopatarajia. Mwaka jana kamati ya msikiti wetu iliazimia kuvunja sehemu ya kale ili tujenge ghorofa, kwa kuwa kila Ijumaa waumini husali nje juani. Nikiwa katibu, nilitakiwa kupiga picha za nyufa na kutu ili ziambatanishwe na barua ya kuomba michango. Niliingia baada ya Alasiri nikiwa na mwanangu wa kiume. Nyufa zilikuwapo tele. Lakini jua lilikuwa likipenya matofali ya matundu yaliyo upande wa magharibi, na juu ya zulia ilikuwa imeenea safu ya nyota za mwanga, zikisogea polepole kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Mwanangu alisimama katikati yake. "Baba," akasema, "mbona hapa si pabaya?"

Nilipiga nyufa, na nilipiga nyota. Kikaoni niliziweka zote mezani. Mzee wetu mmoja aliitazama picha ya matofali kwa muda, kisha akatueleza kuwa yeye, akiwa kijana, alikuwa miongoni mwa waliobeba mchanga wa kuyafyatulia, na kwamba kalibu yake ilichongwa na fundi ambaye sasa ni marehemu. Mjumbe mwingine akajibu kwa upole kuwa uzuri haumfuniki mtu anayesali juani. Wote wawili walisema kweli. Baada ya mjadala mrefu tuliafikiana kuwa ukuta utavunjwa, ila matofali yale yang'olewe kwanza kwa mkono, yaje yatumike katika ukuta wa sehemu ya kina mama. Yaliyotoka salama hayakufika nusu. Yaliyovunjika hayapo tena ila katika picha ile.

Kamera nayo ina adabu zake. Wanachuoni wamehitilafiana juu ya taswira. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliona kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli tu na wala si kuumba, na wapo wengine wasioafiki. Mwenye shaka na abaki na miti, majengo na bahari, navyo vinatosha umri mzima. Usimpige mtu picha bila idhini yake, hasa kina mama na wanyonge. Usiache adhana ikupite ukisubiri mwanga. Tena si lazima kila picha irushwe kwenye makundi ya simu, kwani riya huingia kwa mlango mdogo. Sisi huzichapisha chache kila mwisho wa mwaka na kuzibandika ukutani sebuleni, na wageni hutuuliza ni nchi gani hiyo.

Wazazi wenzangu, Jumamosi ijayo, baada ya Alasiri, tokeni na watoto wenu mpaka pale miguu inapofika. Kila mmoja arudi na picha tatu. Mkikuta ukuta, mlango au mti wa kale, mtafuteni mzee wa mtaa huo mumuulize habari zake, maana mzee naye hatakuwapo siku zote.