Kalenda ya Williamsburg

Williamsburg, Virginia, ni mji unaokwenda kwa sherehe zake. Kuanzia 1699 hadi 1780 ulikuwa makao makuu ya koloni la Virginia, na serikali ilipohamia Richmond mji ukadorora kwa karibu karne moja na nusu. Aliyeuamsha ni Mchungaji W.A.R. Goodwin wa Kanisa la Bruton, aliyemshawishi tajiri John D. Rockefeller Jr. kutoa fedha mwishoni mwa miaka ya 1920. Nyumba za zamani zilizokuwa bado zimesimama zikakarabatiwa, zilizoanguka zikajengwa upya juu ya misingi yake, na watu wakaajiriwa kuvaa, kupika na kufua vyuma kama ilivyokuwa kabla ya 1776.

Mimi nilikwenda kusoma historia, na mwaka ninaoukumbuka zaidi ni 2019. Nilipanga chumba kwa mama mmoja, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, ambaye ukoo wake ulikuwa pale Virginia tangu enzi ambazo hakuna aliyejali kuyaandika majina yao. Ndiye aliyenifundisha namna ya kuusoma mji ule. "Mwanangu," aliniambia, "usiwaulize watu wa hapa wanaamini nini. Tazama wanasherehekea siku gani, halafu tazama siku wanazoziruka."

Majira ya kuchipua na ya kiangazi yana siku zake. Mei 15 inakumbukwa kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1776 wajumbe wa Virginia waliokutana Williamsburg waliwaagiza wenzao walioko Philadelphia wapendekeze makoloni yajitangazie uhuru. Julai 4 ni fataki, kama kila mahali Marekani. Julai 25 ni siku ambayo Tangazo la Uhuru lilisomwa hadharani mjini. Hayo nilikuwa nikiyajua vitabuni, wala sitayakalia. Nilichokuwa sikijui ni kikosi cha filimbi na ngoma. Kimekuwepo tangu 1958, na wapigaji wake ni watoto na vijana wa miaka 10 hadi 18, wamevaa makoti mekundu na kofia za pembe tatu. Walipopita Duke of Gloucester Street, ule mtaa mkuu wenye urefu wa karibu maili moja, ngozi za ngoma zilinitetemesha kifua kabla sijaona hata kofia moja.

Lakini sherehe iliyoniingia moyoni wakati wa kiangazi haikuwa na ngoma wala gwaride. Ilikuwa kwenye kiwanja cha matofali. Wageni, hasa watoto, huvua viatu na kuingia kwenye shimo la udongo kuukanyaga mpaka ulainike. Kisha mafundi huukata, huugonga ndani ya kalibu ya mbao, huukung'uta juu ya mchanga na kuyapanga matofali yakauke kivulini. Vuli ikifika, maelfu ya matofali hupangwa kuwa tanuri, likaachiwa matundu chini ya kutia kuni, na moto ukawashwa mchana na usiku kwa siku kadhaa. Nilikulia Morogoro, na tanuri lile nililitambua kama ninavyolitambua jiko la nyumbani kwetu: ule udongo uliopakwa nje kuzuia joto lisitoke, ule moshi wa kwanza mweupe wa unyevu, yule fundi anayelala nusu jicho kwa kuogopa moto usipungue. Nilikanyaga udongo na watoto wale mpaka miguu ikaniuma. Kila mtu alikuwa anacheka.

Fundi aliyekuwa akituongoza alisubiri kicheko kitulie, akasema bila kupandisha sauti kwamba katika karne ya 18 kazi hii ilifanywa zaidi na watumwa, na kwamba watoto wa rika la hawa waliomzunguka walibeba matofali mabichi kutwa nzima. Mzazi mmoja alimtoa mwanawe shimoni. Wengine wakabaki, na wakaendelea kukanyaga polepole zaidi. Namheshimu fundi yule mpaka leo. Wakati wa mapinduzi zaidi ya nusu ya wakazi wa Williamsburg walikuwa weusi, karibu wote watumwa, na sherehe yoyote ya mji ule isiyowataja imekosa nusu ya wenyeji wake.

Agosti mama mwenye nyumba alinipeleka Hampton, mwendo usiofika saa moja kwa gari, mahali panapoitwa Point Comfort. Sasa pana ngome kubwa ya mawe, Fort Monroe, iliyozungukwa na handaki la maji, na mbele yake Ghuba ya Chesapeake. Mwishoni mwa Agosti 1619 meli iitwayo White Lion ilitia nanga hapo ikiwa na Waafrika zaidi ya 20, ikawabadilisha kwa chakula. Walikuwa wametekwa Angola, wakapakiwa Luanda katika meli ya Wareno iliyokuwa ikielekea Mexico, kisha wakaporwa baharini na maharamia wenye vibali vya kuteka meli. Lugha waliyokuja nayo, kwa kadiri wanahistoria wanavyokadiria, ilikuwa ya Kibantu, jamaa ya hii ninayoiandika. Jambo hilo nilikuwa nikilijua tangu darasani, lakini nilipokanyaga mchanga ule ndipo lilipokuwa langu.

Siku ya kuwakumbuka huadhimishwa hapo kila Agosti, na mwaka ule ulikuwa wa 400. Jumapili, Agosti 25, saa tisa alasiri, kengele zililia kwa dakika nne, dakika moja kwa kila karne. Nilitegemea hotuba ndizo zingenigusa, lakini hotuba zote nimezisahau. Ninachokumbuka ni jinsi dakika nne zilivyo ndefu. Dakika ya kwanza watu walishika simu zao juu wakirekodi. Ya pili simu zikaanza kushuka. Ya tatu mzee aliyekuwa mbele yangu, mwenye kofia ya jeshi la majini, aliivua akaikunja mkononi. Mama mwenye nyumba alikuwa akitaja majina kwa sauti ya chini. Nilisogea nikasikia: Angela, ambaye orodha ya 1625 inamtaja katika nyumba ya Kapteni William Pierce kule Jamestown. Anthony. Isabella. Na mtoto wao William, aliyebatizwa hapo hapo Hampton. Ni majina machache tu kati ya wale waliofika, na hata hayo ni ya Kizungu, waliyopewa na wengine. Yale waliyopewa na mama zao hayakuandikwa popote. Aliyarudia mpaka kengele zikanyamaza.

Tulipokuwa tukirudi garini alinionyesha ukuta wa ngome na kunisimulia habari za Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, watumwa watatu waliopiga makasia usiku mmoja wa Mei 1861 mpaka ngomeni, ambayo katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe ilikuwa bado mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Mwenye mali alipotuma mtu kuwadai, Jenerali Benjamin Butler alikataa kuwarudisha. Baada yao walikuja maelfu. "Walipoingilia ndipo tulipotokea," alisema mama. Alisema hivyo akitafuta funguo za gari ndani ya mkoba, kama mtu anayesema jambo la kila siku.

Oktoba ni ya Yorktown, mji jirani. Tarehe 19 husherehekewa kusalimu amri kwa jeshi la Waingereza chini ya Cornwallis mwaka 1781, na bendera za Marekani na Ufaransa hupepea pamoja, maana bila meli za de Grasse na askari wa Rochambeau ushindi ule usingepatikana. Ni gwaride zuri na nililifurahia. Ila wakati wa mashada ya maua nilitamani yawekwe na ya wale watumwa waliokimbilia kwa Waingereza wakiahidiwa uhuru, kisha chakula kilipopungua na ndui ikawashika, wakafukuzwa wafie msituni kati ya majeshi mawili. Nilitamani litajwe pia jina la James, mtumwa aliyempelelezea Jenerali Lafayette wa upande wa Wamarekani kambini kwa Cornwallis, akangoja mpaka 1787 ndipo Bunge la Virginia likamwachia huru. Yeye mwenyewe alijiongezea jina la Lafayette.

Halafu ikaja Desemba, na sitasema uongo: sijaona mji mzuri kuliko Williamsburg ya Desemba. Kila mlango una shada la majani ya msonobari lililopachikwa matufaha, malimau, maganda ya chaza, na juu kabisa nanasi. Nilizoea kusimama mbele ya mlango mmoja kila jioni nikiangalia jinsi matufaha yalivyokuwa yakinywea kwa baridi, na jinsi ndege walivyoyadonoa upande mmoja tu, ule wa jua. Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi ikafanyika Grand Illumination. Mishumaa iliwashwa madirishani, mioto ikawaka juu ya nguzo za chuma njiani, na fataki zikarushwa kwa pamoja kwenye Ikulu ya Gavana, ghala la silaha na Jengo la Bunge. Watu walikuwa wengi hadi nilibebwa na msongamano bila kutaka. Mgeni mmoja aliniambia kwa furaha kwamba hivi ndivyo watu wa kale walivyosherehekea Krismasi.

Si kweli, na wenye mji hawalifichi jambo hilo. Katika karne ya 18 hakuna mtu aliyepigilia matunda mlangoni, tena matunda ya gharama namna ile. Mashada yale na mishumaa ile ya kila dirisha ni desturi za miaka ya 1930, zilizoanzishwa wakati mji unafufuliwa. Wengine hulisema hilo kwa kubeza. Mimi linanipa matumaini. Ikiwa watu wachache waliweza kuketi miaka ya 1930 wakabuni siku ambayo sasa inawakusanya maelfu, basi siku nyingine inaweza kubuniwa.

Nayo ipo, imeshajileta yenyewe. Mama mwenye nyumba alikuwa hapiki wala hatembelei watu Januari 1 mpaka jioni. Alinieleza sababu: kwa watumwa Mwaka Mpya ilikuwa siku ya kukodishwa. Mabwana walilipana madeni, wakawakodisha au kuwauza watu wao kwa mwaka unaoanza, na baba aliyelala na wanawe usiku wa Desemba 31 aliweza kuondolewa asubuhi. Wazee wao waliiita siku ya kuvunjika moyo. Kisha, Januari 1, 1863, Lincoln akatoa tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, lakini akaziacha nje wilaya kadhaa za Virginia zilizokwisha kutekwa na jeshi lake. Wilaya ya York iliachwa. Wilaya ya James City haikuachwa. Na mpaka wa wilaya hizo mbili ulipita katikati ya Duke of Gloucester Street. Kwa maandishi ya sheria, asubuhi ile mtumwa wa upande wa kusini wa mtaa alikuwa mtu huru, na mwenzake wa upande wa kaskazini, anayemwona kwa macho, akabaki mali ya mtu.

Januari 1, 2020, niliupita mtaa ule kutoka chuoni hadi Jengo la Bunge. Mashada yalikuwa bado milangoni. Sikuona kibao, msomaji, wala mkusanyiko wa kuikumbuka siku hiyo. Mwaka huo huo wanaakiolojia walianza kuchimba hatua chache kutoka hapo, mahali lilipokuwa jengo la Kanisa la First Baptist, lililoasisiwa 1776 na weusi watumwa na huru, ambalo lilibomolewa miaka ya 1950 na kiwanja chake kikawekwa lami ya kuegeshea magari. Chini yake wamekuta makaburi zaidi ya 60. Kwa hiyo mji unajua kuchimba. Nawasihi wenye Williamsburg waongeze na siku hii: Januari 1, watu wagawane pande mbili za Duke of Gloucester Street, orodha ya wilaya zilizoachwa isomwe kwa sauti, na baada ya hapo wavuke.